Tanga hadi Pemba, maili 45

Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi uwanja wa ndege wa Pemba ni maili 45 za baharini, sawa na kilomita 84. Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja na mabawa ya juu ambayo watu wa pwani wameizoea, huzimaliza kwa dakika 17 hivi angani kukiwa kumetulia. Asiyepanda ndege ana njia mbili: angoje siku ya meli kutoka bandari ya Tanga, au ashike basi hadi Dar es Salaam, kilomita kama 350, avuke kwa boti hadi Unguja, kisha apande chombo kingine hadi Mkoani, bandari ya Pemba. Hakuna anayezibeza dakika hizo 17. Mimi nazipenda kwa jinsi zinavyopatikana, yaani kwa ile hesabu ambayo rubani huiketia akiwa bado chini, na ramani, rula na penseli, kabla hajagusa usukani.

Siku hizi ukiandika majina ya viwanja viwili kwenye simu unapewa umbali na muda papo hapo. Namba hizo si za uongo, ila zimepigwa kwa ndege isiyo na uzito, inayoruka mahali pasipo na upepo. Rubani hana ndege ya namna hiyo. Yeye ana abiria kumi na kitu, mizigo ya kilo 15 kwa kila mmoja, jua la saa sita, na kusi linalovuma kutoka ubavuni. Kazi yake ni kuichukua namba kavu ya ramani na kuifanya iwe dakika ambayo mwongoza ndege wa Pemba anaweza kuiandika na kuitegemea.

Tuanze na umbali, maana huko hesabu ni nyepesi na inapendeza. Maili ya baharini ina mita 1,852, nayo ni sawa na dakika moja ya latitudo, dakika za digrii na si za saa. Kwa hiyo pembeni mwa kila ramani ya rubani kuna rula ambayo haikuhitaji kuchorwa zaidi. Uwanja wa Tanga uko digrii 5 na dakika 5 na nusu kusini mwa Ikweta. Wa Pemba uko digrii 5 na dakika 15 na nusu. Tofauti yao ni dakika 10, basi Pemba iko maili 10 kusini zaidi. Kwa upande wa longitudo, Tanga iko digrii 39 na dakika 4 na ushei mashariki, Pemba digrii 39 na dakika 48 na ushei. Tofauti ni dakika 44. Huku kwetu, karibu na Ikweta, mistari ya longitudo haijaanza kusogeleana sana. Kinachopungua hakifiki hata nusu ya asilimia moja, kwa hiyo dakika 44 tunazihesabu kuwa maili 44. Mtu wa Helsinki, aliye kwenye latitudo ya 60, angelazimika kuzigawa kwa mbili.

Tumepata pembetatu mraba yenye upande wa 10 na upande wa 44. Kumi mara kumi ni 100. 44 mara 44 ni 1,936. Jumla 2,036, na kipeuo chake cha pili ni 45 na kidogo. Ni kanuni ile ile ya Pythagoras tuliyoikariri shuleni, na hapa imekuvusha bahari. Ukiweka kipimapembe juu ya mstari, kinasoma digrii 103 kutoka kaskazini: mashariki, ukiegemea kusini kidogo. Dira ya sumaku kwenye pwani yetu hupotoka digrii chache kuelekea magharibi, na rubani huziongeza kabla ya kuandika mwelekeo wa mwisho. Hapa naziweka kando ili namba zisisongamane. Yeye haziachi hata siku moja.

Sasa upepo. Mvushaji wa mtumbwi anayetoka Pangani mjini kwenda Bweni haelekezi omo moja kwa moja kwenye ngazi ya ng'ambo. Anaelekeza juu kidogo dhidi ya mkondo, na mto wenyewe unamrudisha mahali alipokusudia. Rubani anafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mto wake hauonekani na hana budi kuujua kwa namba kabla hajaingia.

Tuchukue mwezi wa Julai, kusi limekolea. Tuseme linavuma kwa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, kutoka digrii 170, karibu kusini kabisa. Caravan yetu inakwenda noti 160 ndani ya hewa. Rubani huchukua kikokotozi chake cha mviringo, kile ambacho marubani dunia nzima hukiita E6B, kilichobuniwa katika miaka ya 1930 na Philip Dalton, ofisa wa jeshi la majini la Marekani. Ni kibao kimoja chenye duara linalozunguka na bamba linaloteleza katikati yake. Anazungusha duara hadi 170 ikae juu. Kutoka kwenye tundu la katikati anahesabu noti 20 kwenda juu na kutia nukta moja kwa penseli, juu ya plastiki iliyokwaruzwa ili penseli ishike. Halafu anazungusha tena hadi 103 ichukue nafasi ya juu; nukta nayo inahama, inakwenda kukaa kulia. Anatelezesha bamba hadi nukta iguse tao la 160. Basi. Tundu la katikati linasoma 151, ndiyo kasi ya ndege juu ya maji. Na nukta yenyewe imekaa digrii 6 au 7 kulia, ndiyo kiasi cha kugeuza pua kuelekea upepo. Hakuna betri wala mtandao. Pembetatu nzima ya kasi, mwelekeo na upepo imetatuliwa kwa mizunguko miwili na nukta moja ya penseli, na alama ile ikifutwa kwa kidole kibao kiko tayari kwa safari nyingine.

Maili 45 kwa noti 151 ni dakika 18. Pua itaelekezwa digrii 110 ili ndege ipite juu ya mstari wa 103.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Januari, kaskazi likivuma noti 20 kutoka digrii 40. Safari hii nukta inakaa kushoto, pua inaelekezwa digrii 97, kasi juu ya maji ni noti 150. Muda? Dakika 18. Hapa ndipo ninapoishangilia njia hii ya Tanga na Pemba. Kusi na kaskazi, pepo mbili ambazo zimeendesha maisha ya pwani yote, zote zinaipiga ubavuni, na zote zinaizuia kidogo tu wakati wa kwenda na kuisukuma kidogo wakati wa kurudi. Abiria anayeangalia saa yake Julai na Januari ataona dakika zile zile. Hatajua kwamba pua ya ndege imehama digrii 13 kati ya msimu na msimu ili dakika zile zibaki vile. Na rubani asingeigeuza pua hata kidogo, kusi lingemsogeza kaskazini kwa kilomita kama tisa au kumi, karibu nusu ya njia ya kutoka Chake Chake kwenda Wete.

Njia ya Unguja hadi Pemba ni jirani yake, lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Hiyo ni maili 68, mwelekeo wa digrii 31, na pepo zinaifuata kwa urefu. Kusi la noti 20 likiwa mgongoni, Caravan hufika kwa dakika 23. Kaskazi likiwa la mbisho, kwa dakika 29. Wengi hudhani kwamba kinachopotea wakati wa kwenda hurudishwa wakati wa kurudi. Hapana. Bila upepo, kwenda na kurudi ni dakika 51 kasoro. Kwa kaskazi ni karibu 52. Sababu ni kwamba upepo wa mbele unakushika kwa dakika nyingi zaidi kuliko upepo wa nyuma unavyokusukuma. Dakika moja ni ndogo, lakini rubani anayeruka njia hiyo mara nne kwa siku anaijua, na mafuta yake yanaijua.

Hata hivyo hizo dakika 18 bado si za kuandikwa kwenye fomu. Ndege haianzi safari ikiwa juu. Kwa ndege inayoongozwa kwa macho ikienda mashariki, kanuni inataka futi elfu za witiri na nusu juu yake, 3,500 au 5,500. Kurudi magharibi ni za shufwa, 4,500 au 6,500, ili wanaokutana wasikutane kimo kimoja. Tuseme 5,500. Caravan iliyojaa hupanda huko kwa dakika kama sita, kwa noti mia na kidogo badala ya 160, na kupanda huko kunakula dakika mbili. Mtu anaweza kuuliza kwa nini apande juu kiasi hicho kwa safari fupi. Jibu liko chini: Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na ndege ina injini moja. Kadiri ilivyo juu, ndivyo inavyoweza kuteleza mbali zaidi kuelekea nchi kavu. Rubani anazinunua futi hizo kwa dakika, na kwa maoni yangu hakuna dakika iliyotumika vizuri kuliko hizo. Baada ya hapo kuna kuzunguka uwanja ili kutua ukiukabili upepo, kuna mwendo wa magurudumu mwanzo na mwisho. Ndiyo maana ratiba inaweza kusema nusu saa kwa safari ambayo abiria aliyehesabu mwenyewe atasema ilikuwa dakika 20.

Mafuta nayo yana hesabu yake, na inanifurahisha kwa ukali wake. Dakika 20 za kwenda. Za kurudi Tanga iwapo uwanja wa Pemba umefungwa na mvua. Na dakika 30 za akiba ambazo kanuni za kimataifa zinataka zibaki kwenye tangi hata baada ya yote hayo. Ndege inabeba mafuta ya zaidi ya saa nzima kwa ajili ya safari ya theluthi moja ya saa, na kila lita ina uzito ambao ungeweza kuwa mzigo wa mtu. Anayelalamika mezani kwa kuambiwa begi lake limezidi kilo mbili na ajue kwamba kilo hizo zimeshapangiwa kazi.

Kisha injini inawaka, na karatasi inakutana na bahari. Baada ya kuondoka Tanga, kisiwa cha Yambe kinapita karibu na mstari, maili sita hivi kutoka uwanjani. Rubani hutazama saa na kuandika dakika. Kutoka hapo hadi kisiwa cha Misali ni maili 27, karibu dakika 11, na katikati hakuna kitu cha kushika kwa macho ila maji, na pengine tanga la jahazi. Marubani wanaoanza hufundishwa mpangilio mmoja wa macho: kwanza saa, halafu ramani, halafu chini. Saa inakuambia unapaswa kuwa wapi. Ramani inakuambia hapo pana nini. Ndipo uangalie kama kweli kipo. Anayeanza na kuangalia chini atakiona kisiwa chochote na kukipa jina analolitaka.

Misali inapaswa kutokea upande wa kulia, maili mbili kutoka kwenye mstari. Tuseme dakika ya 11 imefika, na Misali ipo, lakini iko maili nne. Kusi lilikuwa na nguvu kuliko lilivyotabiriwa, nawe umesukumwa maili mbili kaskazini. Hapa inaingia kanuni ya moja kwa sitini, ambayo kila rubani anayo kichwani: digrii moja ya kosa katika maili 60 huzaa maili moja ya kupotea. Umekwenda maili 33 tangu Tanga. Mbili mara 60, gawa kwa 33, ni karibu digrii 4: hizo ndizo ulizokosea. Zimebaki maili 12. Mbili mara 60, gawa kwa 12, ni digrii 10: hizo ndizo za kurudi kwenye uwanja. Jumla 14, kulia. Yote yanafanywa kichwani kwa sekunde chache huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, na dakika tano baadaye barabara ya kurukia inajitokeza mbele, katikati ya minazi na mikarafuu ya Pemba.

Nilisema dakika ya kufika huandikwa na mwongoza ndege. Rubani akiondoka hutaja dakika atakayofika, na kuanzia hapo wapo watu wanaoishikilia. Kwa taratibu za kimataifa, ndege isipofika ndani ya dakika 30 za muda uliokadiriwa, huanza hatua ya mashaka na watu huanza kuulizana. Ikiwa imeshapewa ruhusa ya kutua, isitue ndani ya dakika tano za muda wake na isisikike redioni, huwa ni hatua ya tahadhari. Wavuvi wa Misali na waokoaji wa bandarini wangetumwa wapi, na lini, kama dakika ile ingetajwa kwa kubahatisha?

Bahari hii ina ukoo mrefu wa watu waliopima umbali kwa muda. Manahodha wa Bahari ya Hindi wa zama za Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa uongozi wa vyombo wa karne ya 15, walihesabu safari kwa zam, na zam moja ilikuwa mwendo wa saa tatu baharini. Kimo cha nyota walikipima kwa vidole na kwa kamal, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo. Walijua msimu wa kaskazi, msimu wa kusi, na ule wa tanga mbili kati yao, na hawakuondoka bila kujua wako wapi kati ya misimu hiyo. Walipokuja marubani, walirithi maswali yale yale. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilisafirisha barua na abiria pwani hii katika miaka ya 1930 kwa ndege za mbao na kitambaa. Hawakuwa na satelaiti. Walikuwa na dira, saa, ramani na pwani yenyewe.

Caravan za leo zina skrini inayoonyesha umbali uliobaki hadi sehemu ya kumi ya maili, na ningemshangaa rubani asiyeitumia. Lakini skrini inamwambia ukweli wa sasa hivi. Haiwezi kumwonyesha kosa aliloliingiza mwenyewe kwa kubonyeza herufi zisizo zake. Aliyeketi kwanza na penseli akapata digrii 110 na dakika 18 atashtuka skrini ikimwambia digrii 140 na dakika 35. Asiyepiga hesabu hana cha kumshtua. Ndiyo maana bado mwanafunzi wa urubani hufanyiwa mtihani wa hesabu hizi kwa mkono, na hapati leseni ya kwanza kabla hajaruka peke yake safari ya kilomita 270 na kutua kwenye viwanja viwili tofauti.

Walimu wa hisabati wa sekondari, hasa mlioko Tanga, Chake Chake, Wete na Mkoani: somo la dunia kama tufe limefundishwa kidato cha tatu kwa miaka mingi, mara nyingi kwa mfano wa miji P na Q isiyokuwepo popote. Wapeni wanafunzi Tanga na Pemba. Waandikieni ubaoni digrii na dakika za viwanja viwili, noti 160 za ndege, na kusi la noti 20 kutoka digrii 170. Wachore pembetatu mbili kwa rula, wakiwa na ramani mbele yao. Wakimaliza, wapelekeni uwanjani wakamsikilize rubani akiisoma fomu yake, kisha waiweke saa mezani ndege inapoondoka.